Midomo inasema, sauti haijafika: maswali ninayoulizwa kuhusu video zilizopishana na sauti

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi, send-off, ibada na semina. Karibu kila wiki naletewa flashi, au napokea ujumbe wa sauti, kutoka kwa mtu ambaye picha na maneno vimemgomea. Maswali yanafanana mno, kwa hiyo nimeyakusanya hapa. Ukisoma jibu la kwanza tu kisha ukaenda kupima, huenda usihitaji mengine.

Fundi, sauti yangu haiendani na picha. Nianzie wapi?

Kwanza usiguse kitu. Fungua video, nenda dakika ya kwanza, utafute mtu anayetamka neno lenye B, M au P, herufi ambazo midomo haina budi kufunga. Ibada zina zawadi ya bure hapa: "Bwana asifiwe!" Midomo ya mchungaji hufunga kwenye ile B, na mlio wa B unatakiwa usikike midomo inapoachia. Kwenye nikaha nasubiri bwana harusi aseme "nimekubali". Sogea fremu moja moja (fremu ni picha moja tuli kati ya zile zinazounda video), hesabu zimepishana ngapi, andika. Nenda katikati ya video upime tena, halafu dakika ya mwisho.

Namba hizo tatu ndizo zinazokuambia ugonjwa. Zikiwa 6, 6, 6, sauti imechelewa tu (au imetangulia). Unaisogeza mara moja na kazi imekwisha. Zikiwa 0, 4, 8, sauti na picha zinaachana: moja inakwenda mbio kuliko mwenzake, na kusogeza hakutasaidia. Zikiwa 0, 0, halafu ghafla 15 na kubaki 15, sauti imeruka, yaani kuna kipande kimepotea mahali fulani katikati.

Kosa ninaloliona kila mara ni la mtu mwenye 0, 4, 8 kutibu kama mwenye 6, 6, 6. Anasogeza sauti mpaka mwisho ukae sawa, mwanzo unaharibika. Anasogeza tena mwanzo ukae sawa, mwisho unaharibika. Baada ya saa mbili anaikata sauti vipande, na ndipo ananipigia simu. Namwomba faili la mwanzo kabisa, kabla hajaligusa. Mara nyingi ameshalifuta.

Niliwasha kamera na kinasa sauti kwa wakati mmoja. Kwa nini viachane?

Kwa sababu kila kifaa kinakwenda kwa saa yake. Ndani ya kamera, simu na kinasa sauti mna kristali ndogo inayotetemeka kwa umeme, jamaa ya ile iliyomo kwenye saa ya mkononi, na mitetemo yake ndiyo inayoamua sekunde moja ina urefu gani. Kifaa kikijiambia kinachukua sampuli 48,000 za sauti, yaani vipimo vidogo vya wimbi lake, kwa sekunde, kinahesabu kwa saa yake, si kwa yako. Kinaweza kuwa kinachukua 48,001. Sampuli moja kwa sekunde ni kitu gani? Baada ya saa nzima ni milisekunde 75 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde), karibu fremu mbili za video ya fremu 25.

Kristali za kawaida hupotoka kwa sehemu 20 hadi 50 katika milioni. Kwa 50, unapata milisekunde 180 kila saa. Kama kamera imepotoka upande mmoja na kinasa upande wa pili, tofauti zinajumlishana. Joto nalo linaingilia: kinasa kilichoachwa juani kwenye harusi ya ufukweni na kamera iliyo chini ya turubai havihesabu sekunde kwa mwendo uleule.

Kwa hiyo usiende dukani kugombana kuwa umeuziwa kifaa kibovu. Viwili vizima kabisa vitaachana. Klipu za dakika tano hazikuonyeshi, mahubiri ya saa mbili yatakuonyesha.

Kupishana kwa kiasi gani ndiko watu wanakuona?

Inategemea upande. Sauti ikichelewa kidogo ubongo unasamehe, kwa sababu ndivyo dunia ilivyo: ukimtazama mtu anayepasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka linatua kwanza, mlio unafuata. Sauti kutangulia tendo haijawahi kutokea mbele ya macho ya mtu yeyote, ndiyo maana inaudhi haraka.

Pendekezo la BT.1359 la Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, lililotolewa mwaka 1998, linasema watu huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45 hivi, au ikichelewa kwa 125. Watangazaji wa Ulaya, kupitia umoja wao wa EBU, ni wakali zaidi: wanataka isitangulie zaidi ya 40 wala kuchelewa zaidi ya 60. Mimi nalenga fremu moja kila upande, na kama sina hakika naiacha sauti nyuma kuliko mbele. Kwa ngoma na vinanda nabana zaidi. Mkono wa mpiga ngoma hausameheki kama midomo ya mzungumzaji.

Nimepima, ni 0, 4, 8. Nazirudishaje pamoja?

Unahitaji alama mbili zinazoonekana na kusikika, moja karibu na mwanzo na nyingine karibu na mwisho. Makofi mawili yanatosha. Pima muda kutoka kofi la kwanza hadi la pili kwenye sauti ya kamera, kisha kwenye kinasa.

Tuchukue mfano. Kwenye kamera ni saa 1, dakika 42 na sekunde 10 kamili, yaani sekunde 6,130.000. Kwenye kinasa ni sekunde 6,130.240. Kinasa kimezidisha milisekunde 240, kwa hiyo sauti yake lazima iharakishwe kidogo. Gawanya 6,130.240 kwa 6,130.000 upate 1.0000392.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Unafungua dirisha la kasi kwenye programu ya kuhariri, unakuta inakubali desimali mbili tu: 100.00 au 100.01. Hatua hiyo moja, 0.01 ya asilimia, ni sekunde 0.36 kwa kila saa. Ni shoka la kukatia kucha. Ukiandika 100.01 kwenye mfano wetu utapunguza milisekunde 613 mahali ulipotakiwa kupunguza 240, na sasa sauti imetangulia.

Njia ninayoipenda ni kuliambia faili la sauti kwamba lilirekodiwa kwa mwendo mwingine kidogo, kisha kulirudisha kwenye 48,000. Zidisha 48,000 kwa 1.0000392, ni 48,001.88, weka 48,002. Kwa FFmpeg, programu ya bure, amri ni hii:

`ffmpeg -i kinasa.wav -af "asetrate=48002,aresample=48000" -c:a pcm_s24le kinasa_sawa.wav`

Hiyo `pcm_s24le` inalinda biti 24 za kinasa chako. Ukiiacha, FFmpeg itakushushia hadi 16 bila kukuuliza. Kosa linalobaki kwenye mfano wetu ni milisekunde 15 hivi mwishoni mwa saa nzima na dakika zote zile, na hakuna sikio litakalogundua kwamba sauti imepanda. Ukiwa huna raha na amri za kuandika, Audacity, programu ya kuhariri sauti, ina kibadilisha kasi kinachokuruhusu kutaja urefu mpya wa sauti. Kumbuka tu kubadilisha kasi, usibadilishe tempo: kubadili tempo kunabakiza kimo cha sauti kwa kukatakata mawimbi, na kwa marekebisho madogo namna hii unaichafua sauti bila faida.

Kama hesabu hutaki kabisa, kata sauti kwenye ukimya. Mchungaji akivuta pumzi, MC akisubiri makofi yaishe, kata hapo na usogeze kila kinachofuata kwa fremu moja. Kwa ibada ya saa mbili iliyoachana fremu nne ni mikato minne tu. Kwa muziki usithubutu.

Hatukupiga kofi. Sasa?

Tafuta kitu kilichogongana na kitu. Mwanzoni, mtu akigonga maiki kwa kidole: "moja mbili, moja mbili." Glasi zikigongana. Kizibo cha shampeni ni alama nzuri kuliko kofi, kinaonekana kikiruka na mlio wake ni mkali, bahati mbaya tu kwamba kwenye harusi nyingi hufunguliwa mapema na hakikusaidii kupata alama ya mwisho. Vigelegele, pamoja na utamu wake, havifai: havina mwanzo unaoonekana.

Kuanzia leo, kabla ya kuzima kinasa mwishoni mwa shughuli, piga kofi mbele ya kamera. Kila mtu hukumbuka la mwanzo. La mwisho ndilo lenye thamani.

Nilirekodi kwa simu. Kwenye simu inacheza vizuri, nikiiweka kwenye kompyuta inaharibika. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na kwa miaka ya karibuni karibu nusu ya flashi ninazoletewa zina ugonjwa huu.

Kamera ya kazi hutoa fremu kwa mwendo usiobadilika: 25 kila sekunde, kila fremu ina urefu sawa na mwenzake, kama matofali ya ukutani. Simu haifanyi hivyo. Inaahidi 30, lakini ukumbi ukiwa na taa hafifu inapunguza, labda 24, labda 20, ili kila fremu ipate muda zaidi wa kunasa mwanga. Ikipata joto, au ikielemewa na kazi nyingine, inaruka fremu. Halafu inaiandikia kila fremu wakati wake: wewe utaonekana hapa, wewe pale. Programu ya kuchezea video ya simu inasoma nyakati hizo na kuzifuata, ndiyo maana humo kila kitu kiko sawa. Baadhi ya programu za kuhariri, hasa matoleo ya zamani, hazijali. Zinazipanga fremu kama matofali, na ukuta unakuwa mfupi au mrefu kuliko sauti.

Utaujua ugonjwa huu kwa namba zake. Hazipandi kwa mpangilio: unapata 0, 9, 5, 14. Video inaachana na sauti kwa kasi gizani na kutulia mwangani. Kuthibitisha, fungua faili kwa MediaInfo, ni programu ndogo ya bure, utazame mstari wa "Frame rate mode". Ukiona Variable, umempata mwizi.

Dawa yake haiko kwenye taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu ndani ya programu ya kuhariri. Mara ya kwanza kukutana nayo nilikuwa na send-off ya usiku, simu ya binamu yangu ndiyo ilikuwa kamera ya pili, nikakata na kusogeza kila dakika mpaka adhana ya alfajiri. Ningekuwa nimelala. Unaligeuza faili kwanza, kabla halijaingia kwenye programu ya kuhariri, ili fremu ziwe za mwendo mmoja. Kwa HandBrake, programu ya kugeuza video, nenda kwenye sehemu ya video, weka fremu 30 na uchague Constant Framerate. Kwa FFmpeg:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 16 -af aresample=async=1 -c:a aac -b:a 256k simu_sawa.mp4`

Amri hiyo inarudia au kuangusha fremu pale panapotakiwa ili kila moja ikae kwenye wakati wake wa kweli, na sehemu ya sauti inajaza mapengo kama simu ilipoteza kipande. Faili litakuwa kubwa. Vumilia, litafutie nafasi.

Kuzuia ni rahisi kidogo. Kwenye iPhone, zima Auto FPS ndani ya mipangilio ya kurekodi video. Kwenye simu yoyote inayoikubali, programu ya bure ya Blackmagic Camera inakupa mamlaka ya kupanga mwendo wa fremu na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) mwenyewe. Na ongeza taa! Simu yenye mwanga wa kutosha haina sababu ya kupunguza fremu.

Video za kurekodi skrini na mikutano ya mtandaoni zina tabia hiyohiyo, na tiba ni ileile. Na mtu akikutumia video ya simu kwa WhatsApp, mwombe aitume kama dokumenti, la sivyo utapokea kitu kilichobanwa upya.

Sauti imekuwa nyembamba kama ya mtoto, na inaisha kabla ya picha.

Sauti iliyorekodiwa kwa kilohezi 44.1, yaani sampuli 44,100 kwa sekunde, inasomwa kama ni 48. Saa moja inakuwa dakika 55 na sekunde 7. Kinyume chake, ya 48 ikisomwa kama 44.1, bibi harusi anapata besi na saa inakuwa dakika 65 na sekunde 18. Hutahitaji kupima hata fremu moja, sikio litakuambia. Rudi kwenye faili la mwanzo na ulitambulishe upya: Audacity inakuruhusu kubadili namba ya mwendo kwenye menyu ya traki bila kugusa sampuli zenyewe.

Kuna imani kwamba kuchanganya 44.1 na 48 kwenye taimlaini moja ndiko kunakoleta kuachana. Hapana. Programu za leo zinageuza zenyewe na zinageuza sawasawa. Tatizo linakuja pale tu faili au kifaa kinapodanganya kuhusu namba yake. Hata hivyo weka kila kitu 48, ni kawaida ya video, na utapunguza maswali.

Nina sauti ya DJ anayetafsiri filamu, nimeiweka juu ya nakala safi ya filamu hiyohiyo, inaachana kwa dakika kadhaa.

Haki za filamu ni mjadala mwingine, na usiuruke. Kuhusu sauti: filamu za sinema hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde. Kwa televisheni na diski za nchi zinazofuata mfumo wa PAL, sisi tukiwemo, zilikuwa zikiharakishwa hadi 25, na filamu ya saa moja inaisha kwa dakika 57 na sekunde 36. Sauti ya DJ iliyotoka kwenye VCD ya aina hiyo, ukiiweka juu ya nakala ya fremu 24, itamaliza mapema. Ipunguze kasi iwe asilimia 96 na uone. Kama bado kuna miruko, nakala zenu zimekatwa tofauti, na hapo ni kazi ya mkono.

Ndugu mdogo wa tatizo hili ni 29.97 dhidi ya 30. Namba hiyo ya ajabu ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, walipopunguza mwendo kidogo ili ishara ya rangi isigombane na ya sauti. Tofauti ni moja katika elfu, sekunde 3.6 kwa saa. Ukipima kuachana kwako ukapata sekunde tatu na nusu hivi kwa saa, usihangaike na hesabu za kristali: kuna mahali klipu ya 29.97 imetafsiriwa kuwa 30, au kinyume chake. Rekebisha tafsiri ya klipu kwenye programu.

Programu imelinganisha sauti ya mikseta na kamera kwa mawimbi, yenyewe, lakini bado naona sauti inachelewa kidogo, kote sawa.

Swali zuri, na jibu lake lilinichukua miaka. Ulikuwa umesimama wapi?

Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Kamera iliyo nyuma ya ukumbi, mita 20 kutoka kwenye spika, inasikia baada ya milisekunde 58. Sauti ya mikseta haikusafiri hewani, ilipita kwenye waya. Unapoiambia programu ilinganishe mawimbi, inaichukua sauti safi ya mikseta na kuilaza juu ya sauti ya kamera iliyochelewa. Imefanya ulichoiomba. Midomo tu ndiyo iliyoachwa, kwa sababu mwanga haukuchelewa.

Baada ya kulinganisha, iwahishe sauti ya mikseta kwa fremu moja kwa kila mita 13 au 14. Kwa kamera iliyo miguuni pa jukwaa usifanye kitu.

Je, inawezekana faili halina kosa lolote?

Inawezekana sana. Vipokea sauti na spika za Bluetooth huchelewesha sauti, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250. Simu na kompyuta nyingi huficha hilo kwa kuichelewesha picha unapotazama video, lakini programu za kuhariri mara nyingi hazifanyi hivyo. Niliwahi kurekebisha video ya kwaya usiku mzima, nikaikabidhi, mteja akapiga simu: sauti imetangulia. Nilikuwa nikisikiliza kwa spika ya Bluetooth. Tangu siku hiyo kwenye droo yangu kuna vipokea sauti vya waya, vya bei ya chini, na haviazimwi.

Kamera yangu inakata faili vipande. Nikiviunga, sauti inaruka.

Kadi zilizoumbizwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, hazibebi faili linalozidi GB 4, kwa hiyo kamera inafunga moja na kufungua lingine. Baadhi hupoteza fremu chache kwenye kiungo. Ukivipanga vipande kichwa kwa mkia huku sauti ya kinasa ikiendelea bila kukatika, kila kiungo kinaongeza pengo. Linganisha kila kipande upya na sauti ya kinasa, usiviunge kwanza. Kamera nyingi za picha za miaka ya nyuma zilijizima kabisa kwenye dakika ya 29 na sekunde 59, kwa ajili ya ushuru wa Ulaya uliotoza zaidi kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi. Hapo pengo ni refu kadiri ulivyochelewa kugundua.

Vinasa sauti navyo hukata, vingine kwenye GB 2. Kwa stereo ya kilohezi 48 na biti 24 hiyo ni saa mbili na dakika nne hivi. Lakini vingi huunga bila pengo, kwa hiyo vipande vyake unaweza kuvipanga mfululizo.

Tunarusha ibada mubashara kwa OBS, programu ya kurushia matangazo. Sauti inatangulia picha.

Sauti ya mikseta inaingia moja kwa moja. Picha inapita kwenye kamera, kebo ya HDMI na kifaa cha kunasia, na kila mmoja anakula muda wake. Lazima uicheleweshe sauti. Piga kofi mbele ya kamera, rekodi sekunde kumi, fungua faili, hesabu fremu. Kwa video ya fremu 30, kila fremu ni milisekunde 33. Zikiwa tano, andika 167 kwenye Sync Offset, ndani ya Advanced Audio Properties. Rudia kofi. Mara ya pili huwa sawa.

Ibada ikianza vizuri na kuharibika baada ya saa moja, hakikisha kompyuta, kadi ya sauti na OBS vyote vimewekwa 48. Na fanya jaribio la saa nzima siku ya Jumamosi, si la dakika mbili Jumapili asubuhi watu wakiwa wameshakaa.

Na televisheni ya nyumbani?

Kama ni spika za nje, ingia kwenye mipangilio ya sauti utafute kipengele cha kuchelewesha sauti au "lip sync". Picha ikiwa ndiyo inayochelewa, washa hali ya michezo ya kompyuta: inapunguza uchakataji wa picha.

Wapo wanaozima sauti ya televisheni na kusikiliza mtangazaji wa redio wakati wa mpira, kisha wanalalamika kwamba redio inashangilia bao kabla halijafungwa. Hilo si kosa la kurekebisha faili. Redio ya FM inafika karibu papo hapo. Picha ya dijiti hubanwa, hupanda kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, hushuka na kufunguliwa, na hayo yote huchukua sekunde. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, redio imekuwa mbele. Njia moja ni kuipitisha redio kwenye kompyuta na kuichelewesha. Kama unasikiliza redio kwa intaneti mambo yanageuka, redio ndiyo ya nyuma, na king'amuzi chenye uwezo wa kusimamisha picha kitakusaidia.

Nahamisha kanda za VHS za harusi ya wazazi. Zinaachana vibaya.

Kanda iliyochoka inatoa mawimbi yasiyotulia, kifaa cha kunasia kinaangusha fremu, lakini sauti inaendelea kuingia. Safisha kichwa cha deki kwanza. Ukiweza kupata kifaa cha kusawazisha mawimbi ya video, au deki ya kurekodi DVD ya kupitishia katikati, fremu zitaacha kupotea. La sivyo, hamisha kwa vipande vya dakika kumi kumi, na usifungue kitu kingine kwenye kompyuta wakati huo.

Nataka kutazama tu, si kuhariri.

Tumia VLC, programu ya kuchezea video. Kwenye Windows au Linux: bonyeza K kuichelewesha sauti, J kuiwahisha, kila bonyezo ni milisekunde 50. Faili lenyewe halibadiliki. Kulirekebisha kabisa, kama sauti inatangulia kwa robo sekunde kote, tumia FFmpeg:

`ffmpeg -i a.mp4 -itsoffset 0.25 -i a.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy b.mp4`

Nikinunua vifaa vya taimukodi nitaepukana na haya yote?

Utaepukana na kutafuta makofi. Taimukodi, yaani saa inayoandikwa ndani ya kila klipu, inakuambia klipu ianzie wapi, haizuii saa mbili kwenda mwendo tofauti baada ya hapo. Kwa harusi fedha hiyo ningenunulia taa.

Nimejaribu yote, kuna dakika moja imekataa kabisa, na mteja anakuja kesho.

Usionyeshe midomo. Sauti ya baba wa bibi harusi iendelee, picha ihamie kwa wageni: shangazi anayetikisa kichwa, mtoto aliyelala begani, mama anayefuta jicho kwa upande wa kitenge. Rudi kwa baba anapotulia kidogo kabla ya sentensi mpya, linganisha hapo upya. Kwa sababu hii mpiga picha wangu wa pili ana agizo moja kila hotuba inapoanza: kaa na wageni, sekunde kumi kwa kila uso, mpaka nikuite.